Ngelani na Malindi ni Maji Mamoja

Katika jimbo la Nebraska, nchini Marekani, kuna kijiji kiitwacho Monowi. Eneo lake ni kama nusu kilomita ya mraba, na katika miaka ya 1930 kilikuwa na watu 150 hivi. Hesabu ya mwaka 2000 ilikuta wamebaki wawili tu, mume na mke. Mume akafariki, na hesabu ya 2010 ikamkuta bibi mzee peke yake, naye ndiye aliyekuwa meya, karani, mweka hazina na mwenye mkahawa. Hata hivyo kijiji hakikufutwa. Kilibaki kwenye ramani na mpaka wake, na katika vitabu vya serikali kikabaki na mstari wake: eneo kadha, nyumba kadha, mtu mmoja.

Simtaji bibi yule kwa kuistaajabia Marekani, maana tumeshaistaajabia vya kutosha. Namtaja kwa sababu ya Ngelani, kijiji cha vilimani huko Machakos, ambacho historia yake imefika Lamu na udongo wake unafika Malindi, nasi watu wa pwani hatukijui hata kwa jina. Ukiwauliza wengi wetu habari za Machakos, utaambiwa ni bara, ni kwa Wakamba, ni pale basi la Nairobi linapopita pembeni mtu akiwa amelala. Labda atokee mmoja ambaye jamaa yake alisoma katika chuo cha Waislamu kilichopo mjini pale, akujibu zaidi kidogo.

Serikali nayo haitusaidii sana. Vitabu vya hesabu ya watu ya 2019 vinashuka hadi kwenye kata ndogo, basi. Chini ya hapo vijiji vimechanganywa pamoja kama mahindi na maharagwe katika chungu cha muthokoi. Wenzetu wa Tanzania kijiji kwao ni kitu cha kisheria tangu 1975, na tangu 1999 kina sheria yake ya ardhi. Sisi Kenya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imetaja vijiji, ikavitajia msimamizi na baraza. Lakini sheria ni jambo moja na ramani ni jambo jingine. Kwa mwananchi wa kawaida kijiji ni kile anachokijua mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji mipaka yake ameihifadhi kichwani.

Wakamba wenyewe wana mpango wao wa zamani. Nyumba na watu wake ni musyi. Misyi kadhaa iliyo jirani ni utui, na matui yakijumlishwa ni kivalo. Nilipouliza utui unaanzia wapi na kuishia wapi, sikuonyeshwa kijito wala mti wa mpaka. Niliambiwa: utui ni wale wanaokuja kukulimia ukiita, na wale watakaokuchimbia kaburi. Msomaji wa Lamu ataelewa mara moja, maana mitaa ya kwao, Mkomani na Langoni, haikupimwa kwa kamba ya mpimaji. Imepimwa kwa nani humwalika nani harusini na nani hubeba jeneza la nani.

Basi tuitazame Ngelani mahali ilipo. Iko upande wa kaskazini wa mji wa Machakos, katika vilima vya Iveti, karibu na Mutituni. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Iveti vinapita mita 2,000. Asubuhi kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Mombasa huihesabu kuwa ni maradhi. Vilima hivi vinapata mvua kuliko nyanda zilizo chini yake, na ndiyo maana watu wakajazana juu tangu zamani wakaziacha nyanda kwa ng'ombe. Jirani yake ni vilima vya Mua, ambavyo navyo ni vizuri kwa kulima. Navyo, kwa sababu hiyohiyo, walowezi wa Kizungu walivitwaa.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Sisi pwani mvua ni masika, na vuli tunaihesabu kuwa ni nyongeza. Kule ni kinyume. Mvua ya Machi hadi Mei, waiitayo uua, ni ya kubahatisha. Ile ya Oktoba hadi Desemba, nthwa, ndiyo wanayoitegemea. Mzee mmoja wa huko aliniambia kwamba mwenye kuifuata kalenda ya pwani Ukambani atakula mbegu. Na hata nthwa yenyewe ni mvua ya ghadhabu. Huja kwa siku chache, hupiga mteremko kwa nguvu, kisha huondoka. Kwa ajili yake walipata mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti kilicho karibu na mji ule, ambayo hukomaa upesi kabla ardhi haijakauka. Pamoja nayo hupanda kunde, mbaazi na maharagwe. Ikikosekana mvua mbili mfululizo huja njaa, na Wakamba kila njaa huipa jina. Ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika: pesa ilikuwa mkononi, chakula hakikuwepo cha kununua.

Sasa tuje kwenye idadi ya watu, maana hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Mwaka 1932 wilaya nzima ya Machakos, pamoja na sehemu ambayo leo ni Makueni, ilikadiriwa kuwa na watu 240,000 hivi. Wakoloni waliona hao ni wengi mno. Ng'ombe nao waliwaona wengi zaidi. Mwaka 1937 mtaalamu wao wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kusikitisha: vilima vimebaki mifupa, mito imekuwa mchanga mtupu, na nchi ile inaelekea kuwa jangwa. Picha zilipigwa, na kwa kweli zinatisha. Lakini ripoti za namna ile zilikuwa na tabia ya kumtazama aliyebanwa bila ya kumtazama aliyembana. Mua ilikuwa imekwenda, malisho ya nyanda yalikuwa yamekwenda, na watu na wanyama wamesukumwa kwenye kipande kilichobaki. Kisha wakaambiwa wao ndio walioharibu.

Dawa ikawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa mnada. Hapo ndipo Ngelani ilipoinuka. Samuel Muindi Mbingu na wenzake waliunda Ukamba Members Association, na mwezi wa Julai mwaka ule watu kiasi cha elfu mbili, wanaume kwa wanawake na watoto wao, walikwenda Nairobi kumdai Gavana Brooke-Popham awarudishie mifugo yao. Ni safari ya kilomita zaidi ya sitini. Walipiga kambi mjini kwa majuma kadhaa bila ya fujo, wakingoja. Serikali ilimkamata Muindi. Lakini kabla mwaka haujakwisha ilikuwa imeacha mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu.

Na Muindi akapelekwa wapi? Lamu. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya serikali ile, mkaidi wa bara atupwe baharini. Harry Thuku alikuwa amepelekwa Kismayu mwaka 1922, na sasa mtu wa Ngelani akafanywa mgeni wa Lamu kwa nguvu, akakaa huko miaka. Leo Nairobi ina barabara yenye jina lake, na maelfu hupita hapo kila siku. Sisi tuliokuwa wenyeji wake je? Nimepata kuuliza Lamu, kwa watu wazima wenye kumbukumbu za mji, na wengi hawakuwa na habari. Mji ambao unajua nasaba za watu hadi Hadhramaut haumjui mtu aliyeletwa kwao kwa pingu kutoka Machakos.

Narudi kwenye hesabu. Kama Machakos ya 1932 ilikuwa imejaa kwa watu 240,000, basi ilipofika 1989, watu wakiwa wamefikia milioni moja na laki nne hivi, nchi ile ingekuwa imekwisha kabisa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kikubwa juu ya miaka sitini ya wilaya hiyo, na waliyoyakuta yaliwashangaza wengi: watu wameongezeka karibu mara sita, na mmomonyoko wa udongo umepungua. Picha za 1937 zilirudiwa mahali palepale, na vilima vilivyokuwa vipara vikaonekana vina matuta na miti. Wapo waliokikosoa kitabu hicho. Walisema maskini hawakufaidika kama wenye nacho, na kwamba Machakos ilisaidiwa na kuwa karibu na Nairobi. Mimi naona wakosoaji wana haki yao. Lakini udongo haukuzuiwa na ukosoaji wala na sifa, ulizuiwa na majembe.

Namna ulivyozuiwa ni jambo la kujivunia kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, na sijui kwa nini hatulisemi. Mkulima huchimba mtaro unaoukata mteremko, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikishuka, udongo unaokimbia hukamatwa na lile tuta. Miaka ikipita, shamba la mteremko hugeuka ngazi, kila ngazi tambarare kama baraza. Kazi hiyo huitwa fanya juu. Udongo ukitupwa upande wa chini ni fanya chini. Leo wataalamu wa Ulaya na Asia wanaandika maneno hayo, fanya juu, katika vitabu vyao bila ya kuyafasiri. Tunapenda kutaja kwamba safari ni neno letu lililoingia katika lugha za dunia. Safari wamelichukua watalii, na fanya juu limechukuliwa na wenye jembe. Mimi la pili linanifurahisha zaidi.

Tena isisahaulike kwamba watu wa Machakos walipolazimishwa kuchimba mitaro wakati wa ukoloni waliichukia, na uhuru ulipokaribia wengi waliiacha ibomoke. Walirudi kuichimba baadaye kwa hiari yao, walipoona ardhi ni yao na mazao yana soko. Walichimba kwa mwethya, yaani watu wa utui mmoja wakakusanyika leo kwa huyu na kesho kwa yule, na wengi wao walikuwa wanawake. Waume walikuwa wapi? Nairobi na Mombasa, wakitafuta mishahara iliyonunua majembe na kulipa karo.

Hapa hesabu ya serikali inapotea njia tena. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 kila mtu alihesabiwa pale alipolala. Mtu wa Ngelani aliyelala Changamwe usiku ule amehesabiwa kuwa ni wa Mombasa, ingawa shamba lake, mkewe na kaburi analolitarajia viko vilimani. Na hao si wachache. Muulize yeyote aliyekaa Changamwe au Mikindani akutajie majirani zake. Wachonga vinyago wa Changamwe, ambao chama chao cha ushirika kina umri wa miaka zaidi ya sitini, ni watu wa huko Ukambani, na ufundi wao una safari ya ajabu. Mutisya Munge wa Wamunyu, mashariki ya Machakos, aliuona kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaupeleka kwao, na baadaye vijana wa Wamunyu wakaurudisha pwani. Kwa hiyo kinyago ambacho mtalii hukinunua Mombasa akidhani ni cha Kikamba kitupu, kina damu ya pwani ya Tanganyika ndani yake.

Kosa la pili la hesabu ni la jumla. Kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932 mwaka 2019, na ile ya Makueni, iliyotengwa nayo mwaka 1992, ilikuwa na 987,653. Ukizijumlisha unapata karibu mara kumi ya wale wa 1932. Lakini zaidi ya laki tatu katika hao wa Machakos wako upande wa Athi River, pamoja na Mlolongo na Syokimau, ambako ni kama vyumba vya kulala vya Nairobi. Ukigawanya watu wa kaunti kwa kilomita zake za mraba, unapata Ngelani isiyokuwepo, yenye magorofa ya Syokimau juu ya matuta ya Iveti. Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2020 Seneti ilipozozana kwa majuma juu ya kugawa fedha, kukawa na wito wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, kaunti za pwani zilikuwa miongoni mwa zile ambazo zingepunguziwa. Lamu ilikuwa na watu 143,920 tu, wachache kuliko kaunti yoyote. Tulisema wakati ule kwamba nchi haihesabiwi kwa vichwa peke yake. Tulisema kweli, lakini tuliyasema ya kwetu tu.

Maana kuna kitu ambacho kinatuunganisha na kijiji kile kuliko siasa, nacho ni mto. Maji yanayoteremka Iveti, upande huu au upande ule, mwisho wake huingia mto Athi. Athi huzunguka Ukambani, hupita kando ya uwanda wa Yatta, huingia Tsavo na huko huitwa Galana, kisha huitwa Sabaki, na humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana. Mvua zikinyesha bara, Malindi bahari huwa nyekundu kama chai iliyokolea. Ufuo umesogea mbele, na hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji zimejikuta mbali nayo. Wavuvi wanajua maana ya tope juu ya matumbawe: samaki huhama.

Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, na kila tabaka huweka ndani yake alama ya udongo ulioletwa na mto. Katika tabaka hizo walisoma kwamba udongo uliongezeka ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipokuwa umeshaikamata bara. Kwa maneno mengine, wakati Maher anaandika ripoti yake mwaka 1937, bahari ya Malindi ilikuwa imeshaanza kuiandika ya kwake. Sisemi kwamba tope lote la Sabaki ni la Machakos. Mto ule una mikono mingi, na Nairobi nayo huutia mengine mabaya kuliko udongo. Lakini kila tuta lililochimbwa Ngelani limeizuilia Malindi kiasi fulani cha tope, na hakuna mtu wa Malindi aliyewahi kumlipa mchimbaji hata bei ya jembe.

Na matuta hayo sasa yako hatarini. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi mengine hayazidi uwanja wa nyumba. Vijana wameondoka, na tuta lisilotengenezwa kwa misimu michache hubomolewa na nthwa moja. Chini ya vilima, mchanga wa mito unazolewa kwa malori kwenda kujenga Nairobi. Mchanga ule ndio unaoyaficha maji wakati wa kiangazi, na watu wa huko wamejenga kuta katika mito ili mchanga ujikusanye na maji yabaki ndani yake. Ukishazolewa, mto hubaki jabali, na kingo zake huporomoka zikaja kwetu. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria ni njema, lakini lori hutembea usiku.

Maoni yangu, na najua wapo watakaonicheka, ni kwamba pwani ichangie. Si sadaka, ni malipo ya kazi. Jambo hili si geni: tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya juu, ambao kwa huo walio Nairobi wanawasaidia wakulima wa vilimani wazuie udongo, kwa sababu maji safi ya vilima ndiyo wanayokunywa. Hoteli za Malindi na Watamu, hifadhi ya baharini iliyowekwa tangu 1968, vyama vya wavuvi na kaunti ya Kilifi wana sababu kubwa zaidi. Lakini huwezi kumlipa usiyemhesabu. Lazima kwanza iandikwe kwa jina, kijiji kwa kijiji, nani ana matuta, yana urefu gani, yapi yamebomoka, na ni nani aliyebaki nyumbani kuyatengeneza. Hiyo ndiyo hesabu ambayo ningependa kuiona, na wazee wa vijiji wangeweza kuifanya kwa mwezi mmoja, kwa daftari na kalamu.

Mitaro huchimbwa ardhi ikiwa kavu, Agosti na Septemba, kabla ya nthwa kuanza. Mwaka huo wa kwanza wapelekwe Ngelani wavuvi wachache wa Malindi washike majembe siku moja ya mwethya. Wakitoka hapo wapitishwe mahali alipokuwa akiishi Muindi Mbingu, wawape watu wake salamu za Lamu, ambazo zimechelewa sana.